Meno ya Kunywea Kimpumu

Pale Tunduma hakukuwa na mtu wa kumzidi Tulinagwe kwa meno. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, mikono kiunoni, mbele ya wateja wake wa pombe, kisha anatabasamu polepole ili kila mtu apate nafasi ya kuliona pengo la meno manne pale juu mbele, ambamo upepo uliingia na kutoka kama uko kwao.

"Sikusema yako mdomoni," anamalizia.

Hayo manne yalibaki kwenye barabara ya Kamsamba, mwaka ule lori la mchele lilipotumbukia shimoni naye akiwa amekaa juu ya magunia, akaubusu ubao wa mbele. Lakini mgeni akiuliza alisimuliwa habari ya simba. Madereva wa kwenda Zambia waliipenda sana ile ya simba, na pombe iliisha upesi zaidi siku aliyoisimulia.

Alikuwa mjane, mtu wa milima ya Ileje aliyeshuka Tunduma na mumewe baada ya Uhuru. Mume alipofariki akabaki na mwanawe Hezron na kazi ya kupika kimpumu. Hiyo ni pombe ya ulezi, na haimiminwi kikombeni kama chai ya mgonjwa. Chungu kinawekwa katikati, kinamwagiwa maji ya moto, kila mtu anazamisha mrija wake wa tete na kuvuta, huku maneno ya kijiji kizima yakivutwa pamoja nayo.

Pengo halikumnyima usingizi. Mahindi ya kuchoma aliyapukuchua kwa vidole, nyama aliisukuma kwenye magego. Taabu ilikuwa moja tu: akisema "salama" au "sukari", mluzi mwembamba ulimponyoka, na mbwa wa mtaani wakadhani wameitwa. Walikuja wakakaa mbele yake, masikio juu, wakingoja amri. Aliwazoea. Aliwaambia wateja kwamba wale ni askari wake, na asiyelipa atawajua.

Ndipo ikaja habari ya Jenista.

Hezron alikuwa mfanyakazi wa reli, ile reli mpya iliyotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na katika kuzunguka kwake Mbozi akampata binti wa watu huko Igamba. Baba wa binti, mzee Sadoki, hakuwa na neno. Alikuwa mtu wa kahawa yake na jembe lake, na kwa kawaida hakuwa na neno juu ya jambo lolote, maana mkewe alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Mkewe huyo ndiye Ketrina, mwenyekiti wa akina mama katika kijiji chao cha ujamaa. Akisimama kuhutubia mkutano, watu wa nyuma kabisa waliyaona meno yake kabla ya kuyasikia maneno yake. Yalikuwa meupe, yamepangana kama mahindi ya mbegu. "Mimi tangu yaote haya, sijang'oa hata moja," alikuwa akisema, na mtu aliyekwenda kwake kuuliza habari za mbolea alirudi na hilo la meno juu yake kama nyongeza.

Siku ya kwanza ya kubisha hodi, Tulinagwe alikwenda na shemeji yake Nikodemo, mdogo wa marehemu. Njia nzima alikuwa akijipanga. Atasema "hatujambo", hatagusa "salama". Atasema "ndiyo mama" na "hapana mama". Na kweli mambo yalikwenda vizuri, wakakaribishwa, chungu kikaletwa, mirija ikagawiwa kwa wote isipokuwa Ketrina mwenyewe, aliyejichotea kikombeni kwa sababu, alieleza, alikuwa na vidonda vya tumbo. Kisha Ketrina akauliza wamesafirije. Tulinagwe alikwisha kulegea kwa kimpumu, akajibu bila kufikiri:

"Safari ilikuwa safi sana, mama Jenista."

Mluzi ukatoka mara tatu. Mbwa wa nyumba ile, jitu la manjano lililoitwa Polisi, likaamka uvunguni mwa ghala, likavuka ua mbio na kukaa miguuni pa mgeni.

Ketrina alicheka kwa meno yote. Alicheka mpaka majirani wakachungulia. Kisha akajifuta macho na kutoa sharti lake. Siku ya kupokeana, koo mbili zitakapokutana kukubaliana, kwa kuwa baba wa kijana ni marehemu, mama mzazi ndiye atakayesimama kuusemea ukoo wake, si shemeji wala mshenga. "Na aongee kama mtu," alisema. "Binti yangu simpeleki kwenye nyumba ambayo mama akisalimia, mbwa wanaitika."

Mzee Sadoki aliangalia miguu yake. Nikodemo alikohoa. Tulinagwe, aliyekuwa na jibu kwa dereva yeyote kati ya Mbeya na Lusaka, akaaga kwa kichwa, maana kila jibu lililomjia lilikuwa na mluzi ndani yake.

Nyumbani Hezron alimwambia mama yake waachane na hao watu, mabinti wamejaa Tunduma. Alilisema hilo akiangalia ukuta, na ugali wake ukapoa kwenye sahani. Mama mtu akautazama ule ugali. Asubuhi akapanda treni kwenda Mbeya kutafuta meno.

Mganga wa meno aliitwa Makame, kijana wa Unguja, mpole, kofia kichwani na tasbihi mezani. Alimwamkia, akamkalisha kwenye kiti kinacholala, akaangaza mdomoni kwa tochi kama anayetafuta kuku aliyepotea. Kisha akaanza kuuliza. Mama anakula nini? Ugali, maharage, nyama ikipatikana. Anatafuna miwa? Miwa hapana. Na pombe, mama yangu, unatumia?

Tulinagwe aliitazama kofia, akaitazama tasbihi.

"Pombe? Mimi? Nanywa uji, mwanangu."

Aliyasema hayo ndani ya kanga iliyonukia ulezi mpaka mlangoni, lakini Makame hakukulia kwenye ulezi, akaamini. Akamweleza kwamba njia zipo. Ya kwanza ni meno ya kuvaa na kuvua, yamekaa juu ya kibao chembamba cha plastiki kinachonata kwenye paa la kinywa. Ya pili ni daraja: meno manne yameshikana, yanafungwa moja kwa moja kwenye chonge za kulia na kushoto, hayatoki tena. Lakini kwa daraja inabidi kuzichonga hizo chonge mbili zilizo nzima ili zivishwe kofia za chuma, na jino likishachongwa haliwi tena kama lilivyokuwa. Kwa mtu wa uji na maharage, alisema, hakuna sababu ya kuharibu meno mazuri. Achukue kibao.

Tulinagwe akachukua kibao. Akajazwa mdomoni kitu kilichofanana na ugali mbichi ili kupata umbo la kinywa, na aliporudi mara nyingine akakabidhiwa meno yake, mapya, mazuri, kwenye fizi ya rangi ya waridi.

Alishuka stesheni ya Tunduma akisema peke yake. "Safari safi sana. Sukari. Sabuni. Salama salimini." Akapita katikati ya mbwa wa mtaani akiwasalimu mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua hata sikio. Mwanamke yule alitembea kwa madaha kama aliyezawadiwa ng'ombe.

Madaha yaliishia nyuma ya jiko lake. Alijitengea chungu kidogo cha kujipongeza, akazamisha mrija, akavuta. Kibao kikabanduka juu kama mfuniko, kikalala kwenye ulimi na kuuziba mrija. Akakirudisha kwa kidole. Akavuta tena, safari hii amekisukumia juu kwa ulimi, na kwa kubana macho na kupumua kwa pua akafanikiwa. Vema. Lakini kuvuta ilikuwa nusu tu ya kazi.

Maana katika koo zile mbili, siku ya kupokeana, mama wa kijana na mama wa binti hunywa chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Kisha kila mmoja hujaza kinywa, na kuipuliza pombe ile kwenye viganja vya mtoto wa mwenzake. Huo ndio ukaribisho. Mama asiyepuliza hajakubali, na mama asipokubali, watu hufunga mizigo yao wakarudi walikotoka.

Tulinagwe akajaza kinywa, akalenga ukuta, akapuliza. Ulimi hauwezi kufanya kazi mbili. Kibao kiliruka kabla ya pombe, kikagonga ukuta, kikaangukia chunguni, akakiopoa kwa mwiko.

Alikaa pale na mwiko mkononi, meno yake yakimchekea kutoka kwenye mwiko. Na hapo, akiyatazama, ndipo alipokikumbuka kile kikombe cha Ketrina. Vidonda vya tumbo. Mwanamke aliyekula pilipili mbichi kwa ugali mbele yao siku ile ile, vidonda vya tumbo. Tulinagwe alicheka peke yake mpaka kuku wakatoka jikoni.

Kisha akaacha kucheka. Kujua siri ya Ketrina hakukumsaidia. Bila kibao angeweza kupuliza lakini si kusema. Akiwa na kibao angeweza kusema lakini si kupuliza. Hezron alihitaji mama wa kufanya yote mawili, siku moja, mbele ya watu wa Igamba.

Akarudi Mbeya na mrija umefungwa ndani ya kanga. Akauweka mezani, mbali kidogo na tasbihi kwa heshima.

"Mwanangu, nilikudanganya," alisema. "Ule uji wangu unavutwa kwa hiki."

Makame aliugeuza mrija, akaunusa, akaelewa, akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Alipotulia akamletea bilauri ya maji na kumwomba amwonyeshe. Tulinagwe akavuta, akapuliza kwenye beseni, kibao kikaenda na maji. Kijana yule hakucheka tena. Alisema sasa ni mashauri mengine kabisa, mama yangu, hapa tunazungumza juu ya daraja.

Tulinagwe akaziangalia chonge zake katika kioo. Ndizo alizobakiwa nazo mbele, nzima, ngumu, zilizokula mahindi ya njaa na nyama ya sherehe. Kuzichonga ilikuwa kama kukata miti hai ili kujengea kibanda. Akauliza kama hakuna njia ya tatu.

Makame akatoa gazeti la kitabibu lenye picha. Huko ng'ambo, alieleza, wapo wanaopanda chuma ndani ya mfupa wenyewe, kisha jino linafungwa juu yake. Viko vya namna mbili: kimoja kama parafujo, kinaingia kwa kuzungushwa, kingine kama bapa la kisu, kinasimamishwa kwenye mtaro, hasa kwa mfupa mwembamba.

Tulinagwe akayavuta macho yake karibu na picha. "Kikishapandwa, kinachukua muda gani kuota?"

"Hakioti, mama. Kinashika."

"Na wewe ungekuwa huko, ungenipanda kipi?"

Kijana alifikiri. Akasema labda parafujo, kwa kuwa mfupa wake ni mnene; ila vingine hulegea baada ya miaka michache na kutoka na kipande cha mfupa, na wakubwa wake wa ng'ambo bado wanabishana. Hapa nchini hajamwona anayefanya, na yeye mwenyewe hajui.

"Kumbe na wao wanabahatisha," alisema Tulinagwe, akamrudishia gazeti. "Waache wapandane kwanza."

Akaomba ruhusa akatoka nje, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Parafujo na kisu viko ng'ambo ya bahari na vinabishaniwa. Kibao ni chepesi, hakidhuru kitu, lakini kitamtia aibu Igamba. Daraja litazila chonge zake mbili, na hazitarudi. Alizipapasa kwa ulimi, ya kulia, ya kushoto, kama anayewaaga wenzake stesheni. Aliufikiria ugali uliopoa. Akainuka na kuingia ndani bila kungoja kuitwa.

"Chonga," alisema.

Sindano ya ganzi ilimfanya aone mdomo wake umekuwa wa mtu mwingine. Mashine ililia kama nyuki ndani ya debe. Hakupiga kelele, ingawa baadaye kule Tunduma alisema alimng'ata mganga. Ilipofika kuchagua rangi, Makame alimwonyesha vijino vya mfano, na Tulinagwe mkono ukaenda wenyewe kwenye kile cheupe kuliko vyote. Akaurudisha. "Nipe ya mtu aliyeishi," alisema, akachagua chenye umanjano kidogo, ndugu wa magego yake.

Alipofungwa daraja lile akavuta mrija pale pale kitini, akapuliza. Beseni lililoa. Meno yalibaki. Akajaribu tena kwa nguvu, akamlowesha Makame kofia, na Makame akasema alhamdulillahi.

Siku ya kupokeana walikwenda Igamba na chungu kikubwa cha kimpumu alichokipika mwenyewe, kizito kupita kawaida, cha kuvutwa kwa nia. Ketrina aliwapokea mlangoni akiwa tayari kucheka. Tulinagwe akamwamkia, akauliza habari za siku nyingi, akasifu sabuni iliyofulia vitambaa vya sebuleni. Polisi alifungua jicho moja uvunguni mwa ghala, akalifumba.

Mkutano ulipoanza, Tulinagwe alisimama. Aliutaja ukoo wake tangu milima ya Ileje, jina kwa jina, akamtaja marehemu mumewe na kazi ya mikono yake, akamwombea Hezron mke na mzee Sadoki uzee mwema. Alisema taratibu, akiyachagua kwa makusudi maneno yale yale aliyoyakimbia mwanzo: salamu, siha, sifa, subira. Yalitoka safi kama sahani iliyosuguliwa majivu. Wazee waliitikia kwa makofi. Mzee Sadoki mwenyewe akafungua kinywa na kusema, "Huyu amesema." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Ketrina hakupenda. "Mama Hezron, meno mazuri," alisema kwa sauti ya kufika nje. "Yako hayo?"

"Ya kutengenezwa," alijibu Tulinagwe. "Yameshikwa na mawili yangu niliyochongwa."

Minong'ono ikapita. Ketrina akapandisha mabega. Alisema yeye hamcheki mtu, kila mmoja na bahati yake, ila nyumbani kwake hawajavaa kitu cha kutengenezwa. "Haya unayoyaona ni ya Mungu mwenyewe. Sijang'oa hata moja."

Wakati maji ya moto yanachemka Tulinagwe alimfuata mwenzake jikoni, akamsogelea sikioni.

"Mama Jenista, nasikia tumbo linakusumbua. Mwambie mama mdogo wa binti avute na kupuliza badala yako. Mimi nitasema ndivyo tulivyokubaliana, na hakuna atakayeuliza."

Ketrina alimtazama. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atakubali, ulimi wake ukatembea nyuma ya midomo iliyofumbwa. Kisha akakumbuka yeye ni nani pale kijijini.

"Mwingine apulize mahali pangu, kwani nimekufa?" alisema. "Tumbo limepona."

Basi chungu kikawekwa katikati. Kwa kuwa yeye ndiye mpishi, Tulinagwe alivuta kwanza, watu waone haina kitu kibaya. Jenista akapiga magoti na kukinga viganja. Tulinagwe akajaza kinywa, akapuliza, na kimpumu kikatua kwenye viganja vile chepesi kama umande, pote pote, bila tone kupotea. Akina mama wakapiga vigelegele. Naye akapiga cha kwake juu ya vyao, kirefu, chenye kona nyingi, na daraja likakaa kimya mahali pake kama mlinzi mwenye mshahara. Hezron alikuwa akimwangalia mama yake kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia tangu akiwa mtoto.

Zamu ikafika kwa Ketrina. Alizamisha mrija. Alibana macho, akapumua kwa pua, na mashavu yake yakaingia ndani. Kilikuwa kizito. Alivuta kwa nguvu, na Tulinagwe, aliyeujua kila msuli wa kazi ile, alimwona akisukuma juu kwa ulimi. Akafaulu. Akainua kichwa, mashavu yamejaa, uso umejaa ushindi. Hezron akapiga magoti na kukinga viganja.

Ketrina akapuliza.

Pombe ilifika, hilo hakuna wa kulikana. Ila ilitanguliwa. Kitu cha rangi ya waridi kiliruka, kikatua kwenye viganja vya Hezron katikati ya povu la ulezi, kikakaa chali: meno sita meupe, yamepangana kama mahindi ya mbegu.

Hakuna aliyecheka. Hezron hakuthubutu kuvisogeza viganja, kwa kuwa baraka zilikuwa humo humo. Nikodemo alitangaza kwa haraka kwamba mama amepuliza, na mjomba wa binti akaitikia kwamba naam, amepuliza, tena amezidisha, basi yamekwisha, watoto ni wa pamoja. Jenista alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Tulinagwe alikitwaa kile kibao kwa ncha za vidole. Akakisuuza kwa maji ya moto yaliyobaki, akakifuta kwa upindo wa kanga yake mpya, na kukinyoosha mbele ya Ketrina kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Pokea, mama Jenista. Mungu amekuletea tena."

Ketrina alikuwa amefunika mdomo. Aliwatazama wazee, akamtazama mumewe, akakitazama kile kibao kama kilichookotwa njiani. Kisha akaondoa mkono, akajinyoosha kama aliye mkutanoni, na kusema:

"Hayo si yangu. Sisi hatuvai. Sijui ni ya nani."

Mluzi ulitoka mwembamba, mzuri, mara tatu, ukavuka ua. Uvunguni mwa ghala Polisi akaamka, akajikung'uta vumbi, akaja mbio akitikisa mkia, akawapita wageni wote na kukaa miguuni pa Ketrina, masikio juu, akingoja amri.